Bukari bila makala: wakati jiko la Lubudi linafika ngambo

Ilikuwa saa tisa ya usiku hapa Bruxelles wakati simu yangu ililia. Alikuwa mudogo wangu, mwenye alikuwa amefika Marekani juma tatu mbele ya siku hiyo. Kwake ilikuwa saa tatu ya usiku, na inje teluji ilikuwa inaanguka.

“Yaya, unalala?”

“Nilikuwa nalala. Kuna nini?”

“Bukari inanishinda. Nimeweka maji kwenye resho yangu, yanakataa kuchemuka. Nimetia unga, unabakia tope tu. Kisha nikahamia kwenye plaki za nyumba, mafuta yakaungua, kengele ya moshi ikalia, na majirani wote wakatoka inje na watoto katika baridi. Nimepata haya, sijui kesho nitawaangalia namna gani.”

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba amepata mupango mwingine. Katika duka moja karibu na kwao wanauza makala ndani ya mifuko, na hata mbabula ndogo ya chuma. Kesho atanunua vyote viwili. Atapikia katika chumba cha kuoga, mulango umefungwa ili moshi usifikie kengele, na dirisha atalifungua kidogo.

“Mimi ni mutoto wa Lubudi,” akasema. “Moto wa makala hauwezi kunishinda.”

Hapo usingizi ukaniisha kabisa. Nilimuomba aniahidi jambo moja mbele ya kukata simu: makala yasiingie katika ile nyumba. Mambo ya bukari tutayatengeneza pole pole.

Mazungumuzo ya namna hiyo yanapita kila usiku kati ya wana wa Congo wenye wanaishi inje ya inchi. Ni wengi. Katika mwaka wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya 16000, wengi wao watu wa mashariki wenye walikuwa wamepitia kambi za Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Wengine wetu, watu wa Lualaba na Haut-Katanga, tulifuata njia ingine: masomo, ndoa, kazi, Zambia, Afrika Kusini, Ubelgiji. Wote tunafika na unga ndani ya valizi, na wote tunakutana na jiko lenye hatulijui.

Mukono wenye unajua moto

Teritware ya Lubudi ni moja ya teritware 5 za jimbo la Lualaba, pamoja na Dilolo, Kapanga, Mutshatsha na Sandoa. Watu wa inje wanaijua sababu ya shaba na kobalti ya Tenke na Fungurume. Wenye kupenda historia wanaijua sababu ya Bunkeya, muji wa mwami Msiri, mwenye aliuawa mwezi wa 12 mwaka wa 1891. Wenye kusafiri kwa treni wanajua gare ya Lubudi, kwenye njia ya reli kati ya Tenke na Kamina, na kiwanda cha simenti. Lakini sisi wenye tulikomalia kule, kama tunafunga macho, kitu cha kwanza chenye tunakumbuka ni harufu ya makala yenye yanaanza kushika moto saa kumi na mbili ya jioni, mbele ya kila nyumba, na watoto wanapepea kwa kipande cha karato.

Mama yetu hakuwa na kipimo cha moto. Alikuwa anaweka mukono juu ya mbabula na kuhesabu kimoyomoyo. Kama mukono unakataa kubakia, moto unafaa kwa maji ya bukari. Kama unaweza kuvumilia, ni moto wa sombe. Kama makala yamefunikwa na majivu meupe, ni wakati wa kuweka maharagi na kwenda kuchota maji. Kuongeza moto, unapepea. Kupunguza, unatoa makala mawili kwa koleo. Hakuna mutu alitufundisha mambo hayo kwa maneno. Tuliyaona tangu tulikuwa tunatambaa.

Kuna jambo la kushangaza ndani ya habari hii. Umeme wenye tunaogopa ngambo unapita juu ya vichwa vyetu tangu zamani. Njia kubwa ya umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, yenye urefu wa kilometa karibu 1700, ilianza kazi mwaka wa 1982 ili kulisha mashimo na viwanda vya shaba. Karibu na Kolwezi kuna pia vituo vya Nzilo na Nseke kwenye muto Lualaba. Hata hivyo, katika Congo yote, ni karibu mutu 1 tu kati ya 5 mwenye kupata umeme nyumbani. Na hata mwenye kuupata hatupi mbabula yake, sababu anajua kuran inaweza kupotea wakati bukari ingali katikati. Kwa hiyo mutoto wa Lubudi anaweza kukomea chini ya waya za umeme na kufika miaka 25 bila kupika hata siku moja kwenye plaki.

Resho ya Kolwezi yenye ilikataa Marekani

Asubui ya kufuata nilimuuliza mudogo wangu anionyeshe resho yake kwa video. Nikaelewa shida ya kwanza mara moja. Ilikuwa resho yenye alinunua Kolwezi, akaifunga vizuri ndani ya nguo na kuvuka nayo bahari. Kwenye uwanja wa ndege alinunua kichwa cha kubadilisha prizi, akachomeka, na taa ikawaka. Alifikiri kila kitu kiko sawa.

Kumbe kile kichwa kinabadilisha umbo la prizi tu. Hakibadilishi nguvu ya umeme. Kwetu Congo, kama vile Ubelgiji na Ufaransa, umeme wa nyumbani ni wa volti 220 mpaka 230. Prizi za kawaida za Marekani zinatoa volti 120. Na kwa chombo cha kupasha moto, hasara haiko ya nusu kama mutu anaweza kufikiri. Volti zikipungua kwa nusu, joto linapungua mpaka karibu robo. Resho yenye ilikuwa inatoa wati 1000 Kolwezi, Marekani inatoa wati karibu 300 tu. Kwa wati 300 unaweza kupasha chai. Maji ya bukari ya watu wanne, hapana.

Wenye wako nyumbani wasikilize pia upande mwingine wa jambo hilo. Ndugu wengi wa Marekani wanatuma zawadi Congo: mikseri, sufuria ya wali ya umeme, mashine ya kahawa. Kama kwenye kibandiko chake wameandika 120V peke yake, usichomeke kwenye prizi ya Lubudi. Itapokea nguvu kupita kiasi na kuungua katika dakika chache, pengine hata kuwasha moto. Kama wameandika 100-240V, hapo hakuna shida. Vichaji vingi vya simu viko hivyo. Ni afazali kusoma kibandiko kuliko kulia juu ya mikseri ya bure.

Moto wenye hauonekani

Shida ya pili ilikuwa plaki zenyewe. Ngambo mutu anakutana na namna nne za jiko, na kila moja iko na tabia yake.

Gazi ndiyo ndugu ya mbabula. Unaona muali, unaukuza, unaupunguza, na unakutii palepale. Mutu wa kwetu anaizoea kwa siku moja. Onyo ni moja: kama unasikia harufu ya gazi bila muali, usiwashe kiberiti wala kugusa taa. Funga, fungua madirisha, toka inje.

Plaki ya chuma yenye kuzunguka kama nyoka ni mvivu kuanza na mvivu kuacha. Unaizima, nayo inaendelea kupika. Ndiyo maana bukari inaungua chini na sombe inamwagika. Dawa yake nilifundishwa na mama mumoja wa Likasi hapa Bruxelles: tumia plaki mbili. Moja iwashe kwa nguvu yote, ya pili iwashe kidogo. Maji yanachemuka kwenye ya kwanza. Kisha kutia unga, unahamisha sufuria kwenye ya pili. Hivyo mukono wako unafanya kazi ya koleo, kama vile ulikuwa unatoa makala.

Plaki ya kioo yenye kuwaka mwekundu chini iko na tabia ile ile, pamoja na hatari moja zaidi: inabakia na moto muda mrefu kisha kuzimwa, na haionekani. Kuna taa ndogo yenye kuonyesha kwamba kioo kingali moto. Mufundishe kila mutoto wa nyumba kuitambua ile taa.

Ya nne ni induksioni, na hiyo ndiyo inawachosha wageni zaidi. Haina moto hata kidogo. Chini ya kioo kuna waya wa shaba wenye kuzungushwa, na umeme wenye kupita ndani yake unafanya sufuria yenyewe ipate joto. Nilipoelewa hilo nilibakia naangalia kioo. Congo iko leo kati ya inchi zenye kutoa shaba nyingi zaidi duniani, na sehemu kubwa inatoka Lualaba. Inawezekana sana kwamba shaba ya udongo wetu ilitangulia kufika katika jiko hili mbele yangu, na yeye hakuombwa viza.

Induksioni inapokea tu sufuria zenye sumaku inaweza kushika. Sufuria ya aluminiamu yenye ulitoa nyumbani haitapata joto hata ukae saa nzima. Mbele ya kununua sufuria, chukua kisumaku kidogo cha kubandika karatasi kwenye frigo, kiweke chini yake. Kikishika, nunua. Kikianguka, rudisha.

Sufuria inazunguka

Lakini bukari haitaki moto tu. Inataka nguvu. Nyumbani sufuria inakaa imara kwenye mbabula, mama ameketi kwenye kiti kifupi, anaishikiza kwa miguu au kwa vijiti viwili, na mwiko unazunguka mpaka unga unakubali. Kwenye kioo laini, sufuria inazunguka pamoja na mwiko. Jiko ni refu, mutu anasimama, mabega yanachoka. Na sufuria zetu za kuyeyushwa, zenye chini ya mviringo, zinagusa kioo kwa sehemu ndogo tu ya katikati. Inje bukari ni mbichi, katikati imeungua. Wengine wamepasua kioo kwa kusonga kwa nguvu, na mwenye nyumba akawalipisha.

Namna yetu sasa ni hii. Tunatumia sufuria ya chini bapa, nzito, yenye mukono murefu. Tunachemusha maji ikiwa imefunikwa. Pembeni tunakoroga unga kidogo katika maji ya baridi na kuumwaga ndani, ili uji uanze bila vidonge. Unaacha uji upige dakika tano mpaka kumi. Hapo ndipo unga unaiva kweli, na ni sehemu yenye watu wengi wanaruka. Kisha unatia unga uliobakia, unatoa sufuria kwenye moto, unaiweka chini kwenye kitambaa chenye maji, unashikiza kwa mukono mumoja na kusonga kwa ule mwingine. Kitambaa kinazuia isizunguke. Ukimaliza, unairudisha kwenye moto mudogo dakika mbili, imefunikwa, ili itoe mvuke.

Unga wenyewe unaleta fujo yake. Katika maduka ya Marekani kuna unga wa mahindi wa rangi ya manjano wenye chembe kubwa. Unatoa bukari yenye kuvunjika. Kuna pia unga wa mahindi wa kufanya tortiya, mweupe na laini, wenye kudanganya macho. Lakini mahindi yake yalipikwa katika maji ya chokaa mbele ya kusagwa, na harufu yake haiko ya bukari hata kidogo. Tafuta unga mweupe wa kawaida katika maduka ya Waafrika. Kama haupatikani, hapa Ubelgiji wengi wanatumia semule ya ngano, na wengine wanachanganya na unga wa muhogo. Haiko bukari ya Lubudi, lakini inashika mboga.

Sombe haitaki haraka

Kuna kitu kimoja chenye teknolojia ya ngambo inaweza kuharibu kwa wema wake: sombe.

Nyumbani tunatwanga majani ya muhogo katika kinu, kisha tunayachemusha muda murefu. Hatufanyi hivyo kwa desturi tu. Majani ya muhogo, na mizizi yake pia, yanabeba sumu ya siyanidi. Kutwanga kunavunja majani na kuifungua ile sumu. Kuchemusha kunaitoa pamoja na mvuke. Mikseri inafanya kazi ya kinu katika dakika mbili, na hilo ni jambo zuri. Hatari inaanza wakati mutu anafikiri kwamba kwa sababu majani yamekuwa laini haraka, yatapikwa pia haraka. Hapana. Mikseri inachukua nafasi ya kinu. Haichukui nafasi ya moto.

Mifuko ya sombe ya barafu yenye kuuzwa katika maduka ya Waafrika inaleta swali lile lile. Mingi ni majani yaliyosagwa tu, hayajapikwa. Mikroonde kwa dakika tano haitoshi. Na kama uko na sufuria ya presha, usifunge kifuniko tangu mwanzo. Chemusha kwanza sombe wazi, kwa maji mengi, nusu saa au zaidi, mvuke utoke na kuondoka. Kisha unaweza kufunga presha ili ilainike, mbele ya kutia mawese, karanga na ndakala.

Katika Congo tunajua bei ya kuharakisha muhogo. Ugonjwa wa konzo, wenye kupoozesha miguu, ulielezwa na waganga tangu mwaka wa 1938 katika eneo la Kwango. Unakuja wakati watu, sababu ya njaa, wanakula muhogo muchungu usiolowekwa siku za kutosha. Hakuna sababu ya kuogopa sahani moja ya sombe. Lakini wazee waliweka muda murefu ndani ya mapishi kwa sababu nzuri.

Kengele na majirani

Turudie kwa ile kengele yenye ililia. Ngambo kila nyumba iko na kengele ya moshi kwenye dari, na haiwezi kutofautisha nyumba yenye kuungua na mawese yenye kuungua. Wageni wengi wanaikomesha kwa kutoa betri. Usifanye hivyo, usiku mumoja itakuwa nyumba kweli.

Ni afazali kubadilisha mapishi. Nyumbani tunaacha mawese yachemuke mpaka yanabadilisha rangi, inje, hewani. Ndani ya chumba kilichofungwa, washa kipepeo cha juu ya jiko mbele ya kuweka sufuria, na utie kitunguu mbele mafuta hayajaanza kutoa moshi. Samaki ya kukauka, loweka katika maji ya moto, mwaga, kisha uipike katika mchuzi imefunikwa, badala ya kuikaanga. Samaki mbichi yenye ulikuwa unachoma juu ya makala, ifunge katika karatasi ya aluminiamu pamoja na nyanya na pilipili, uiweke katika furu kwa digrii 200. Kwenye furu za Marekani utaona 400: ni joto lile lile, wanahesabu tu kwa kipimo chao cha Fahrenheit. Mama mumoja alisoma 200 kwenye jiko la Marekani akangoja samaki mpaka watoto wakalala.

Makala ndani ya nyumba

Sasa tufike kwenye sababu yenye ilinikatalia usingizi.

Makala yakiwaka yanatoa gazi yenye kuitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Moshi unakukimbiza, gazi hii inakulaza. Ukiivuta, inashika damu mahali penye hewa ilipaswa kushika, na mwili unakosa hewa hata kama unapumua. Makala mazuri, mekundu, yasiyo na moshi, yale yenye mama anasifu, yanaitoa pia. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Na kengele ya moshi ya kawaida haiioni. Kuna kengele ingine, maalumu kwa gazi hiyo.

Katika mwezi wa 12 mwaka wa 2006, upepo mukali ulikata umeme katika eneo la Seattle, Marekani, wakati wa baridi. Watu mamia waliugua sababu ya gazi hiyo na wengine wakakufa. Wengi kati yao walikuwa wahamiaji wenye waliingiza makala ndani ya nyumba ili kupika na kuota moto, kama vile walifanya katika inchi zao. Gazeti moja kubwa la muji huo likachapa onyo kwenye ukurasa wa kwanza kwa lugha mbalimbali. Mwezi wa 2 mwaka wa 2021, baridi kali ilizima umeme Texas, na tena watu zaidi ya 1000 wakafika kwenye hospitali sababu ya gazi ile ile: makala, jenereta, motokari zilizowashwa ndani ya garaji.

Mutu asiseme kwamba hayo ni mambo ya Bulaya na Amerika. Kwetu nyumba ya kupikia iko wazi, au tunapika inje kabisa, na ndiyo maana makala yametulea bila kutuua. Lakini Kolwezi na Lubudi ziko juu, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 ni baridi. Ni nani kati yetu hajaona mbabula yenye kuingizwa chumbani ili watoto walale vizuri, mulango umefungwa, nguo imewekwa chini ya mulango kuzuia upepo? Asubui tunaamka na kichwa chenye kuuma, tunasema ni malaria. Siku ingine mutu haamki, na kisha mazishi familia inaanza kutafuta mulozi.

Dalili ni hizi: kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, miguu inaregea, na zaidi ya yote, watu wengi wa nyumba moja wanasikia hivyo kwa wakati mumoja na wanapata nafuu wakitoka inje. Ukiona hayo, usitafute dawa kwanza. Toa kila mutu inje penye hewa, kisha ite musaada. Na mbabula, iwe Lubudi au ngambo, ilale inje.

Yenye kurudi nyumbani

Jiko la ngambo halijatunyanganya tu, limetufundisha pia. Mimi sikujua kwamba kifuniko cha sufuria kinapunguza moto wa kuchemusha maji kwa kiasi kikubwa. Sikujua kwamba maharagi yaliyolala katika maji usiku mzima na kupikwa katika sufuria ya presha yanaiva mbele ya saa moja, wakati nyumbani yalikuwa yanakula makala ya nusu siku. Sufuria ya presha haihitaji umeme. Inafanya kazi kwenye mbabula vile vile.

Kwa hiyo mwaka uliopita, wakati mama aliuliza nimutumie mikseri, nilimutumia sufuria ya presha pamoja na maelezo ya kusafisha kile kitundu cha mvuke. Mwanzoni aliiogopa, akaifunga ndani ya kitambaa na kuiweka chini ya kitanda. Leo anaitumia kwa maharagi, na anasema mufuko wa makala unamupeleka mbali zaidi kuliko zamani. Kwa familia yenye kununua makala kila juma, hiyo ni ada ya shule. Kwa musitu wa miombo wenye kukatwa kila siku kando ya barabara, ni miti kadhaa yenye kubakia imesimama.

Mudogo wangu hakununua makala. Siku ya pili tulipika pamoja kwa video, yeye kule, mimi huku. Nilimwambia aache resho, awashe plaki mbili za nyumba, alowanishe kitambaa. Aliweka sufuria chini, akapiga magoti, akasonga. Nilisikia ule mulio wa mwiko wenye unabadilika wakati unga unaanza kushikana, na nikajua imekubali mbele hajaniambia.

Alipiga picha, akamutumia mama. Jibu lilikawia, sababu reseau ya Lubudi iko kama kuran yake. Jioni ikafika sauti fupi ya mama:

“Mwana wangu, bukari ni nzuri, nimeiona. Lakini mboga iko wapi?”